Alikuwa Nasi Jumapili

Mtaani walimwita Saa Saba, kwa kuwa ndiye aliyesoma taarifa ya habari ya mchana redioni, na akishasema yeye, ubishi umekwisha. Lisemwalo lipo, watu walisema, na likisemwa na Saa Saba lipo mara mbili. Siri yake ilikuwa moja tu: hakuwa akisikiliza anachosoma. Msomaji akianza kulia na wafiwa, nani atamalizia habari za michezo? Mdomo ulisoma, yeye akawaza chakula cha mchana.

Jumatatu hiyo mdomo wake ulisoma kwamba fundi baiskeli mmoja, asiye na vidole viwili vya mkono wa kushoto, amekamatwa kwa kumuua mlinzi wa ghala Jumapili alasiri, na kwamba amekiri. Ulimi hauna mfupa. Ulimaliza sentensi bila kujikwaa. Alipofika kwenye hali ya hewa ndipo alipokisikia alichosema.

Kwa maana Jumapili alasiri fundi huyo alikuwa nao. Walikuwa wametoka kwenda bwawani, Saa Saba, mkewe na binti yao mdogo, na gari likazama kwenye tope. Akatokea bwana mmoja anasukuma baiskeli, akalitazama, akacheka. "Mzee, gari lako limeota mizizi." Akakata matawi, akayatandika chini ya matairi, akasukuma, akaanguka, akaanza tena. Gari lilitoka jua linazama. Alikula nao mkate na mayai, akambeba mtoto mabegani, na mtoto akaushika ule mkono na kuuliza vidole vingine viko wapi. "Vilichoka kazi, vikastaafu." Mtu huyo ndiye anayesubiri kitanzi, maana adhabu ya kuua ilikuwa hiyo.

Saa Saba alikwenda kwa mhariri. "Mkuu, ile habari ya fundi ina kasoro."

Mhariri aliinuka kwanza akafunga mlango. "Ile haikuandikwa hapa. Imeletwa. Wewe ni mdomo, ndugu yangu. Umewahi kuona mdomo unatoa ushahidi?"

"Lakini huyu mtu..."

"Unamkumbuka mwenzako wa habari za asubuhi, aliyeongeza maneno yake? Alichukuliwa pale getini. Kikombe chake bado kiko jikoni. Mimi naogopa hata kukitupa."

Mjini watu walinong'ona kwamba muuaji ni mtoto wa mwenye ghala, na mwenye ghala si mtu wa kutajwa hata kwa kunong'ona. Mwenye nguvu mpishe. Saa Saba alirudi nyumbani akitazama nyuma kila kona, hata paka akampisha.

Mkewe alikuwa amekaa mbele ya redio iliyozimwa. "Umemsoma," alisema.

"Sikuwa nasikia."

"Sasa umesikia."

"Nikisema, mke wangu, watanichukua. Yule fundi alimbeba mtoto jioni moja. Mimi nikienda, nani atambeba?"

Mkewe alikuwa akiogopa kama yeye, pengine kuliko yeye, na hakuna aliyelala vizuri humo ndani. Gari lolote likipunguza mwendo nje, wote wawili walizuia pumzi. Asubuhi mke akampeleka mtoto kwa bibi yake. Hakutaka akutwe nyumbani ikiwa watu watakuja.

Jumanne karatasi ya taarifa ilisema fundi atafikishwa mahakamani kesho yake, na kwamba wananchi wamepongeza. Saa Saba aliisoma yote hewani, kisha akaiweka chini. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisikia sauti yake mwenyewe, na ilikuwa ikitetemeka.

"Mimi ninayewasomea habari hii, Jumapili alasiri..."

Nyuma ya kioo fundi mitambo alimtolea macho, mkono ukaenda kwenye swichi. Taa nyekundu ikazimika. Saa Saba aliendelea hivyo hivyo, akasema matope, matawi, mkate na mayai, akakieleza kipaza sauti kilichokufa mpaka mwisho, kwa kuwa alishindwa kunyamaza.

Alipotoka, muziki wa dansi ulikuwa ukitoka kwenye redio ya koridoni. Fundi mitambo hakumtazama usoni. "Nisamehe, kaka. Nina watoto."

"Hata mimi ninaye."

Na aibu iliyoje, moyoni alihisi nafuu. Amesema, hakuna aliyesikia. Labda dhamiri itamwacha na wakubwa nao watamwacha. Akachukua simu yake akampigia mkewe.

"Nimesema," alimwambia. "Nimesema yote, lakini walinikata. Mungu ameona."

"Nilijua watakukata. Ulipoanza tu ukaja muziki."

"Basi tulia hapo nyumbani, nakuja. Tumefanya letu."

"Siko nyumbani." Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu. "Niko kituo cha polisi. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikishindwa kusema. Hapa wana redio. Muziki ulipoingia nikainuka."

"Ukainuka ukafanya nini?"

"Nikawaambia. Tulikuwa wote bwawani, hukuwa peke yako."

"Toka hapo! Toka sasa hivi, waambie umechanganyikiwa, waambie..."

"Wameshaandika jina langu. Wananiita chumba cha ndani. Naogopa, baba. Wanasema niwape simu."

Akasikia mlango ukifungwa, kisha hakusikia kitu.