Mkono wa Kushoto

Leanne aliingia jukwaani kwenye ukumbi wa shule na sahani tupu. Meza ilikuwa imejaa sandwichi za matango, keki za chokoleti zilizoviringishwa kwenye nazi, na vikate vya jemu na krimu. Wanafunzi wenzake walioigiza wanawake wenye kofia wakaitazama ile sahani, kisha wakatazamana. Mmoja akacheka, akaziba mdomo. Mimi niliyewafundisha watoto hao kila hatua sikuwa nikimtazama Leanne hata kidogo. Nilikuwa nikimtazama mama yangu, aliyekaa safu ya nyuma kabisa na mkoba wake magotini.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa. Tangazo la hafla ya chai likisema kila mama aje na sahani, maana yake ni sahani yenye chakula. Lakini mwaka 1956 Mama alikuwa na mwaka mmoja tu Australia tangu atoke kwao Slovenia. Baba alikuwa milimani akichimba mahandaki ya mradi wa umeme wa maji, na Kiingereza Mama alikuwa hakijui hata cha kuombea maji. Akadhani ukumbi umepungukiwa vyombo. Akachagua sahani yake nzuri kuliko zote, akaisugua ikang'aa, akaenda nayo. Mji mzima ukamcheka. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Niliyasikia haya kwa Baba, kwa kunong'onezwa, maana Mama mwenyewe hakuyataja kamwe.

Dada yangu Darinka ndiye aliyeyaandikia tamthilia. Ilipoonyeshwa Melbourne magazeti yalimsifu, eti ameiumbua nchi inayojigamba kwa ukarimu. Jirani akamsomea Mama. Mama akampigia Darinka simu, akamwambia neno moja tu, "Umenianika," akakata. Tangu hapo ni miaka minane. Kila Krismasi mimi ndiye mbeba salamu baina yao, na nyingine nilizitunga mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimechoka, na nilimkumbuka dada yangu hadi ikawa kama ugonjwa. Nilichotaka ni kimoja tu: Darinka akae tena mezani petu kabla Mama hajatutoka.

Kisha wakubwa wa elimu wakaiweka tamthilia hiyo kwenye mtihani wa kidato cha mwisho. Hebu fikiria kusimama mbele ya ubao ukichambua ishara zilizomo katika aibu ya mama yako mzazi. Nilipiga moyo konde nikafundisha. Sahani, niliwaambia, ni ahadi ya nchi kwa wageni wake, inang'aa na haina kitu. Kofia ni tabaka. Jambo lililotusumbua ni maelekezo fulani ya jukwaani: mwanamke anabeba sahani kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto unabaki umetengana kidogo na mwili, vidole vimekunjwa, hivyo hivyo hadi pazia. Gavin, mchekeshaji wa darasa, alisema labda mbwa wa mama huyo amechomoka kwenye kamba. Leanne akasema ni mkono unaoomba kukaribishwa. Nikampongeza, nikaandika ubaoni "mgeni mwombaji," na wote wakanakili.

Leanne ni binti wa jirani yetu, na bila yeye Mama asingetia mguu pale. Alikwenda kumwomba Mama amfunge kitambaa cha kichwa kama walivyofunga wanawake wa kwao. Mama alimfunga, akafungua, akamfunga tena. Halafu akaniambia atakuja kuangalia kama hakitalegea. Anakuja kwa ajili ya kitambaa, alisema, nisijitie mawazo.

Baada ya pazia tuliwaachia wazazi waseme, kama kawaida yetu. Mmoja aliona kwenye sahani njaa ya vita. Mwingine, bwana mfuga kondoo, alisema hii ni kututukana tu. Mama yake alioka keki za hafla hizo miaka nenda miaka rudi na hakumcheka mtu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumjibu kwa maneno yangu ya ualimu nilipomwona Mama akinyanyuka na kutoka. Nikajua nimeharibu hata kale kadogo kalikobaki.

Nilimkuta ndani ya gari, mkanda ameshafunga. Tukaupita uwanja wa maonyesho ya kilimo.

"Ule mkono wa kushoto," akasema, kwa lugha yetu ya nyumbani. "Nani alimwambia Leanne auweke vile?"

"Darinka. Ameandika kitabuni."

"Na nyinyi mmesema ni wa nini?"

Nikamwambia. Akaguna.

"Ombaomba. Breda, mwanangu, na kusoma kote huko. Mkono ule ulikuwa umemshika mtoto."

Nikasimamisha gari kando ya barabara. Akanisimulia akiwa anatazama mbele. Darinka alikuwa na miaka saba, ameanza shule, na nyumbani ndiye peke yake aliyeweza kusoma lile tangazo la chai. Alilisoma neno kwa neno, akamtafsiria mama yake, na hakukosea hata neno. Wakaenda wawili, wameshikana mikono.

Katika tamthilia hamna mtoto. Nilikuwa nimeisoma hadi kurasa zimelegea, nimesahihisha insha juu ya kila kilichomo, na sikuwahi kujiuliza nani ametolewa. Miaka yote hiyo tuliamini Darinka amemweka Mama jukwaani ili watu wamtazame. Kumbe yeye ndiye aliyeshindwa kujitazama. Nililia palepale, na Mama akaniacha nilie.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya ukutani jikoni, akaniamuru nimpigie Darinka. Darinka alipopokea, Mama aliinyakua simu mkononi mwangu.

"Ni mimi. Nimeiona, hiyo ya kwako. Sasa nisikilize, usinikatize. Tulipofika kwenye ngazi za ukumbi, wenzangu walikuwa wanashuka kwenye magari na keki zimefunikwa vitambaa. Niliziona, Darinka. Nilijua kabla hatujaingia."

Mama akahamishia simu sikio la pili.

"Ulikuwa na furaha umenisomea tangazo. Njia nzima unalirudiarudia. Sasa ningekugeuza pale mlangoni, nikakwambia umekosea? Ningeanzaje?"

Nikasikia kitu kikitoka kwenye simu, hakikuwa maneno. Mama alivuta stuli kwa mguu, akakaa, koti lake bado mwilini, akawa anasikiliza.