Bi Mkubwa Mwenye Mdomo wa Bata

Jana usiku niliota mume wangu, Mshamu, kaoa dinosaria. Kazi yake ni kuchimba mifupa ya kale, na taya la huyo amelishughulikia tangu masika kwa brashi laini, jino baada ya jino. Mimi mara ya mwisho kunishika mkono ni siku nilipoteguka.

Bibi harusi amekaa jikoni kwangu, juu ya mkeka wangu. Ana mdomo wa bata, paja moja na mkia. Katikati hamna kitu.

"Tumbo halijapatikana," Mshamu ananieleza. "Na kisichopatikana hakipo."

Makubwa! Nampa mchicha. Anautafuna kwa meno mamia, anaumeza, unaanguka sakafuni. Nampa pilau, anasema nyama hali, anakula mkeka.

"Karibu, bi mdogo," nasema, roho inaniuma.

"Bi mkubwa ni mimi," anajibu kwa upole. "Nina miaka milioni sabini. Nitengee maji ya kuoga, mdogo wangu."

"Baba Somoe, unayasikia haya?"

"Hesabu yake iko sawa, Mama Somoe."

Kufumba na kufumbua, jikoni pamekuwa shimo la machimbo. Mshamu kapiga magoti, anampuliza vumbi shavuni. Phuu! Ebo! Mimi majivu ya jikoni yamenijaa miaka yote, nani kanipuliza? Wivu umenipanda mpaka macho hayaoni. Najitupa shimoni.

"Na mimi nipigwe brashi! Zamu ni zamu!"

"Haiwezekani," anasema Mshamu. "Sharti mtu azikwe kwanza."

"Basi nizike."

Dinosaria anasogeza paja kunipisha.

"Wewe anakushika kwa mkono mtupu?" ananinong'oneza, na sauti yake ina kijicho. "Mimi ni brashi tu."

Mchanga unaanza kunifunika miguu.

Nikaamka. Mshamu anakoroma, kanipa mgongo kama kawaida yake. Nilipoinama kuvaa kandambili nikaona doa la rangi nyeupe kisiginoni, na juu yake namba ndogo ya wino mweusi, mwandiko wa Mshamu, vilevile anavyoiandika mifupa asiyotaka kuipoteza.

Leo nimeoga, lakini mguu huo nimeuacha nje ya beseni.