Zulia la Persefone

Kila Alhamisi Lorine alivisha mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi soksi ya nailoni, nyuzi zisinyonywe, akasafisha zulia la ukutani sebuleni. Lilifumwa Uingereza karne ya kumi na tisa. Bosi alilinunua mnadani London, likaja Riyadh. Lilimwonyesha Persefone, msichana aliyetekwa na mfalme wa kuzimu. Kwa kuwa alikula mbegu za komamanga huko, aliruhusiwa kwenda kwa mama yake miezi sita tu kila mwaka.

Mwezi wa tatu Persefone alishuka ukutani, akaomba viatu.

"Chukua ndala za bafuni," Lorine alisema. "Ukipata nafasi, pitia kwetu Vihiga, Kenya, umwone mama. Anaumwa."

"Mbona huendi mwenyewe?"

"Mkataba uliisha mwaka jana. Pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwa madam."

"Kwani ulikula nini hapa?"

"Wali na kuku."

Dereva Hezron alimpeleka Persefone uwanja wa ndege, akarudi akinung'unika. "Huyo dada yako wa sufu hataki kufunga mkanda. Hana ikama, hana kibali chochote cha ukaazi, na wamempitisha! Ningekuwa mimi, saa hii niko ndani."

Madam alitazama pengo kwenye zulia. "Huyu hurudi kila mwaka. Wewe nikikuachia, utarudi?"

"Nitarudi, madam."

"Baada ya Hija tutaona."

Mwezi wa saba simu ilisema mama amefariki. Madam alikuwa Jeddah na ufunguo wa kabati. Lorine akampigia, akaomba awahi mazishi.

"Mafi, hakuna," madam alisema. "Watoto watapikiwa na nani?"

Mwezi wa tisa Persefone alirudi, akarudisha ndala.

"Walipoita mabinti waje kutupa udongo kaburini, nafasi yako ilikuwa wazi. Nikasimama hapo."

"Hawakukuuliza wewe ni nani?"

"Shangazi yako aliuliza. Nikamwambia nami nakaa mahali ambapo hutoki mpaka uachiliwe. Akanipa chai."

Akapanda ukutani, akashika tena komamanga lake.

Alhamisi hiyo, Lorine alipofika kwenye pindo la gauni, soksi ilishika udongo mwekundu. Alizima mashine. Akaivua soksi polepole, akaifunga fundo, akaiweka kwenye begi lake chini ya sweta aliyokuja nayo.

Kisha akavisha mashine soksi nyingine, akamaliza ukuta. Akapangusa kabati la madam, milango yote miwili na kitasa, kama kila Alhamisi.