Mbwa wa Bwana Mifugo

Kabla ya chai ya saa nne, Nikolausi, karani wa boma la Mbulu, alikuwa ameshamtafutia Bwana Mifugo chumba katika meli ya Mombasa, kitanda cha daraja la kwanza katika treni, na nafasi ya fimbo zake za kuvulia samaki. Bwana huyo, aliyeazimwa kutoka serikali ya Kenya, alikuwa anakwenda kwao Uingereza miezi sita. Mwenye nguvu mpishe. Nikolausi aliomba wiki moja tu akamwone mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Hirbadaw kwa wazazi wa mkewe, Tekla. Karani mkuu, mzee Alfredi, akamnyima tena.

"Ukiondoka wewe, likizo ya Bwana ataipanga nani?"

Ilimuuma sana.

Ilibaki safari ya kikazi ya kuaga mnada wa Katesh. Bwana angetangulia na Landrova. Lori lingefuata na mizigo, pamoja na mbwa wake, aachwe huko kwa Mzungu mwenzake. Saleh, dereva wa lori, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee. Yule mbwa simpakii."

"Marahaba. Kisa?"

"Mate yake, mzee. Akinilamba, nguo hizi siswali nazo. Nipe mtu wa kumshika. Tena amemzoea Nikolausi peke yake."

Uongo mtupu. Mbwa yule alikuwa amemchania Nikolausi suruali juzijuzi. Lakini Alfredi alimwogopa Bwana kuliko kitu chochote, akaidhinisha palepale Nikolausi aende na lori. Nikolausi akainamia mashine ya kuchapa ili kicheko kisimponyoke.

Walipofika Hirbadaw, njiani kwenda Katesh, Saleh alisimamisha lori, akafungua boneti.

"Injini imechemka."

"Mbona ya baridi?"

"Wewe ni karani. Ya injini niachie."

Nikolausi alikwenda mbio, mbwa akimvuta kwa kamba. Tekla alipomwona mlangoni alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

"Wamekupa likizo?"

"Likizo kapewa Bwana. Mimi nimepewa mbwa."

Akaketi, akampokea mtoto. Mtoto alimshika kidole, akaking'ang'ania. Furaha ilimjaa Nikolausi hata akasahau kamba mkononi. Mbwa naye akajilaza miguuni pake, kimya.

Honi ikalia barabarani. Nikolausi hakuinuka. Ikalia tena.

"Mwambie Saleh asubiri," akamwambia mkewe. "Mbwa wa Bwana amechoka. Anapumzika."