Hatua Kumi za Shangazi

Asubuhi ile sebule iligeuzwa meli. Makochi yalisukumwa ukutani, zulia likakunjwa, na Wakili akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, chaki mkononi, uso umekunjwa kama wa mtu anayeweka jiwe la msingi. Jina hilo alipewa na shangazi yake, mwaka ule aliposimamishwa shule ya bweni wiki mbili kwa kugandisha kandambili za matroni sakafuni kwa gundi. Alijitetea ukurasa mzima kwamba alikuwa akizilinda na wezi.

Sasa yuko likizo, na amekabidhiwa jukumu zito: kuhakikisha chumba cha shangazi melini kinamfaa.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Miaka thelathini alikanyaga cherehani ya miguu, mpaka kiharusi kilipoichukua miguu yenyewe. Mwaka wa pili huu anakaa kwenye kiti cha magurudumu, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mdogo wake, baba yake Wakili. Dirisha la chumba hicho linatazama ukuta wa jirani. Kwa hiyo baba alipotangaza kwamba familia itampeleka kutembea siku nne kwa meli ya kitalii, shangazi aliomba kitu kimoja tu.

"Dirisha. Ule ukuta nimeutazama mpaka najua tofali lipi lina kiburi."

Baba alijaza fomu, akachagua chumba chenye dirisha pana. Mwisho wa kubadili ulikuwa leo, saa kumi na moja jioni.

Wakili alichora kitanda, kabati na choo, vipimo vyote vikifuata ramani iliyotumwa na wakala wa safari. Ukutani akachora dirisha, kubwa, lenye mawimbi matatu. Kisha akaupima mlango: sentimita hamsini na nane. Akakipima kiti cha shangazi: sitini na sita. Akakipima tena, labda kingeona aibu kipungue. Hakikupungua.

Akaingia jikoni, akampigia wakala kwa sauti ya chini, akamweleza kwamba kiti hakipiti mlangoni.

"Mbona fomu inasema abiria anatembea hatua kumi bila msaada?" wakala alishangaa. "Si anaacha kiti nje tu, anaingia?"

"Na vyumba vya milango mipana?"

"Kimebaki kimoja. Cha ndani. Hakina dirisha."

Hatua kumi. Kila Jumapili baba, ambaye wiki nzima haonekani kwa kazi, alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na kikombe cha chai. "Dada, wiki hii hatua ngapi?" "Kumi." "Safi sana!" Kisha huyo, akaenda zake. Hakuna aliyewahi kuomba kuziona. Karibu miaka miwili hazikupanda wala kushuka. Wakili, ambaye kila likizo humwogesha shangazi na kumpandisha kitandani, alijua ukweli. Naye alikuwa amenyamaza kimya.

Basi akafanya anachokijua. Akaufuta mlango kwa kitambaa kibichi, akachora mwingine wa sentimita sabini. Alijiambia kwamba wakishafika huko mabaharia watambeba, na hakuna nahodha atakayegeuza meli kwa sababu ya mlango.

"Abiria mheshimiwa, karibu ndani!" akatangaza, akipiga saluti.

Shangazi akaja, anasukuma magurudumu mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu. Akapita bila kugusa chaki. Baba, aliyekuja kutazama, akapiga makofi. Shangazi akasimama mbele ya lile dirisha la ukutani, akalitazama sana. Kisha akageuka.

"Wakili, mlango huu umenenepa lini?"

"Ni hewa ya bahari, shangazi."

"Nimekata nguo za watu kwa jicho miaka thelathini. Huu ni sabini. Ramani inasema ngapi?"

Wakili akaificha chaki mgongoni. "Hamsini na nane."

"Hilo si tatizo, dada," baba akadakia. "Kiti tunakiacha nje. Hatua tatu, uko kitandani. Wewe si una kumi? Hebu tuonyeshe hata mbili."

Alikuwa anatabasamu. Shangazi akafunga breki, akashika mikono ya kiti, akajikaza. Mishipa ya shingo ikamsimama. Akainuka kiasi cha shibiri moja, akatetemeka, akarudi chini kwa kishindo.

"Ndizo hizo. Zote kumi."

"Lakini kila Jumapili unaniambia..."

"Kila Jumapili unaniuliza umeshika kikombe, mdogo wangu. Ningekujibu sifuri, chai ingekushuka?"

Tabasamu la baba lilikuwa bado limemning'inia mdomoni, halijui liende wapi.

"Nilijua, baba," Wakili akasema. Safari hii hakuwa na utetezi.

"Nitakubeba," baba akasema hatimaye. "Dirisha ulilitaka, utalipata. Nitakubeba."

"Mpaka chooni? Siku nne? Na mgongo wako huo unaolia ukiinua ndoo?"

"Nitakubeba, dada."

"Sitaki kubebwa. Nataka kuingia." Akanyoosha mkono. "Wakili, simu."

Aliongea na wakala kwa ufupi, kama mtu anayeagiza vifungo. "Hatua andika sifuri. Ndiyo, sifuri. Nipe hicho cha ndani."

Wakili akafuta sakafu, akachora upya: mlango wa sentimita tisini, choo kisicho na kizingiti. Shangazi akaingia, akazunguka, akatoka, akaingia tena. Hakuna aliyepiga makofi.

Lilibaki dirisha. Wakili alisugua mpaka mkono ukamuuma, lakini chaki ilikuwa imezama kwenye rangi ya ukuta. Pakabaki doa jeupe, pana, lisilo na mawimbi.

"Acha," shangazi akasema. Akakisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa ukuta, akafunga breki. "Acha niuzoee na huu."