Wazima wa Kwenye Simu

Daktari Wubit alifika kwa Mama Tiruwork jua likielekea kuzama, viatu vimejaa tope jeusi la mashamba ya Gojjam, mkobani mna jarida la utabibu lenye jina lake. Humo alikuwa ameandika kwamba wagonjwa wa saratani ya damu wanaokaa mbali hawana haja ya kwenda Addis Ababa kila mwezi. Wapewe vidonge vya nusu mwaka, wapigiwe simu, nao wataishi sawasawa na wale wa mjini. Hospitali nyingine zilikwisha kuanza kumfuata. Getaneh, mwana wa Mama Tiruwork, ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza katika utafiti ule, na daktari aliona vyema ampelekee nakala kwa mkono wake.

Mama alimbusu shavu hili, shavu lile, kisha hili tena. Akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akimbinyabinya vidole mpaka uchovu ukamtoka. Daktari alipouliza habari za Getaneh, akajibiwa yu mzima, Mungu ashukuriwe. Amekwenda kwa mjomba wake. Jibu lilelile la kwenye simu.

Kahawa ikakaangwa, ikatwangwa, ikanywewa mara tatu kama ipasavyo. Mama akakunja tonge la injera, mkate wao mwororo wa chachu, na kumtia mgeni kinywani.

"Kula, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

Daktari akacheka huku anatafuna. Juu ya kitanda cha Getaneh palikuwa pamepangwa magunia ya nafaka ya tefu, akadhani mavuno yamekuwa mema.

Alfajiri aliamshwa na nyayo uani. Akachungulia. Majirani walikuwa wameketi kimya kando ya ukuta, wamejifunika shuka zao za pamba, mistari ya rangi imegeuzwa juu shingoni, kama watu wavaavyo msibani.

Wubit ni mtoto wa nchi ile. Anajua kwamba watu wakija hivyo alfajiri, wamemjia mfiwa. Akageuka kutazama nyumba nzima. Hapakuwa na mgeni mwingine ila yeye.

Mzee mmoja akamsogelea, wanawake wawili wakamshika mikono huku na huku.

"Jikaze, binti yetu. Getaneh alitutoka."

Alikufa msimu wa mvua kubwa. Tumbo lilianza kuvimba tena, vidonge havikumsaidia, lakini alisema angoje tarehe yake ya kurudi hospitali, kwa kuwa daktari mwenyewe ndiye aliyeipanga. Wanawake wakaangua kilio. Wubit hakulia. Aliketi akitazama miguu yake, jinsi ilivyotakata hata katikati ya vidole.

"Mama," akasema baadaye, "kila nilipopiga simu uliniambia ni mzima."

"Ningekuambiaje kwenye simu, na wewe uko peke yako, hakuna wa kukushika? Alikuita dada. Nimekungoja uje."

Akauliza kama wengine nao hufanya hivyo. Mama akamshangaa. Kwani yeye kwao hawafanyi?

Hufanya. Mama yake mzazi alifichiwa kifo cha kaka yake mpaka watu walipokusanyika. Hilo alilijua siku zote, na hakulikumbuka hata mara moja wakati anaandika. Sauti zote alizosikia mwaka ule zilimrudia, za kina mama, za wake, za kaka, na zote zilisema neno moja: mzima.

Jua lilipopanda akampigia Profesa Asrat, mkubwa wake. Profesa akampa pole, akasema mmoja akifa utafiti haufi. Wauguzi wapige simu tena kuhakikisha.

"Wakipiga, wote watakuwa wazima," Wubit akasema. "Ziambie zile hospitali leo ziwarudishe wagonjwa kila mwezi. Jarida nitaliandikia mwenyewe, huku nikiwazungukia wagonjwa makwao."

Profesa akauliza kama anajua anachokivunja. Wubit akasema anajua, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Siku ya pili alifika kwa mgonjwa mwingine, kijiji cha ng'ambo ya mto, jioni. Baba mtu akambusu, akamwosha miguu. Mgonjwa? Mzima, Mungu ashukuriwe, amekwenda sokoni, huenda akalala huko.

Daktari akala, akashukuru, akanywa kahawa mara zote tatu. Kisha akajilaza na nguo zake za mchana, shuka begani, akingoja kupambazuke.