Rafu ya Katikati

Baba mkwe alikuwa amekwisha kumeza kipande cha tatu, macho ameyafumba kwa raha, nilipofungua friji kutafuta ndimu. Chini kabisa nikaliona beseni la barafu nililoliandaa jana mchana. Lilikuwa maji matupu, na kifuniko chake kikavu kama nilivyokiweka. Hakuna kitu kilichowahi kukaa juu yake.

Kitoweo hicho nilikifuata mwenyewe kwa muuza samaki. Alimpasua mbele yangu nungunungu wa baharini, kile kidude cha mviringo chenye miiba, akaonyesha ndimi tano za manjano zinazoliwa mbichi. Mzee wetu alikuwa mzamiaji miaka thelathini. Tangu mama mkwe afariki, chakula kilimshinda, akawa anaukodolea uji tu hadi unapoa. Juzi akatamka kwamba akipata ndimi zile atakula, nasi nyumba nzima tukafurahi kama tumepata mtoto.

"Hizi za kula mbichi, zile pale za kupika, usichanganye," muuza samaki alinionya. "Usizioshe kwa maji ya bomba, zitayeyuka. Usizigandishe. Zilaze chini kabisa, juu ya barafu, na kesho mchana ziwe zimeliwa. Tumeelewana, dada?"

"Kaka, mimi ndiye mtunza chanjo pale zahanati. Unanifundisha baridi?"

"Basi nisamehe," alicheka, "nilikuwa namfundisha samaki kuogelea."

Kiburi si maungwana. Miaka kumi na mmoja nimeitunza friji ya zahanati, na kule kosa kubwa ni kuiacha chanjo igande. Kwa hiyo chupa zote hukaa rafu ya katikati, mbali na barafu. Jana nilipofika nyumbani wifi yangu alinipigia simu, tukapiga soga weee, na mikono ikafanya ilivyozoea: ikakilaza kisanduku cha ndimi rafu ya katikati. Mazoea yana taabu. Leo nikakitoa kisanduku vilevile, bila kutazama.

Kipimajoto cha friji kilisema nyuzi tisa, joto kupita kiasi. Ndimi zilikuwa zimelala humo usiku kucha na asubuhi nzima.

Daktari alikwisha kutuambia waziwazi: figo za mzee zimechoka, kuhara siku moja tu kunaweza kumwondoa. Kichwani nilimwona mume wangu akirudi safari na kukuta watu wamejaa uani. Nilimsikia wifi akiuliza, kwa ile sauti yake ya upole, ni nani aliyemlisha baba. Na shetani hakosi neno. Akaninong'oneza kwamba ningeweza kuzitupa mbili zilizobaki, nikaosha sahani na kunyamaza. Wazee huumwa tumbo kila siku.

Nilirudi mezani bila ndimu. Alikuwa ameinua kipande cha nne.

"Baba, kiache kwanza."

"Kuna nini?"

"Nilizilaza mahali pasipofaa. Zimekosa baridi tangu jana. Kosa ni langu."

Akakirudisha sahanini taratibu. "Zitanidhuru?"

Kwa miaka yote hiyo kazini, mama akiniuliza swali kama hilo huku kambeba mwanawe, jibu ninalo mdomoni. Sasa nilifungua kinywa na kukuta neno moja tu.

"Sijui."

Alikinusa kile cha nne, akakibonyeza kwa kidole. "Hakijanuka. Ila kimelegea. Nilihisi tangu cha kwanza."

"Na ukala?"

"Mwanangu, ningesema ungeniletea uji."

Siku nyingine ningecheka hadi machozi. Nilimpigia daktari, akasema tumtazame hadi jioni, anywe maji ya chumvi na sukari, na likianza lolote tumkimbize hospitali, tusingoje gari la mtu. Nikayachanganya yale maji, nikampa. Nikavuta kiti karibu naye. Ilikuwa bado saa nane.

Tumbo lake liliguruma mara moja, sote wawili tukalitazama.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Naogopa, Baba."

"Na mimi," alisema, akaninyooshea mkono wake.

Niliushika kifundoni, nikaanza kuhesabu mapigo. Nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena, hadi sikujua ninayoyahesabu ni yake au yangu.